Kwa nini tokeni zinaisha haraka msimu wa baridi, na kwa nini bei haishuki jua likirudi

Juni ikishaingia, kuna swali hutufikia mara nyingi, na huwa limeandikwa kwa hasira kidogo: mbona nimenunua tokeni za mia tano Jumatatu na Alhamisi tuko gizani? Wengine huamini mita imeharibika. Wengine wanasema jirani amejiunganishia stima yao usiku. Wengine wanatushuku sisi, kwamba kuna pesa imekatwa mahali fulani njiani.

Hebu tulifungue swali hili polepole. Mara nyingi mita iko sawa, jirani hana hatia na pesa ilifika yote. Kinachotokea ni mambo mawili yanayofuatana. Kwanza unatumia stima zaidi bila kuona. Halafu, baada ya wiki kadhaa, kila yuniti yenyewe inapanda bei. Hilo la kwanza watu wengi wanalijua nusu nusu. La pili ndilo linalouma, na ndilo halizungumzwi, kwa hivyo tutakaa nalo zaidi.

Baridi yetu haina theluji lakini tunailipia

Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na Limuru imepita 2,000. Mwezi wa Julai jua liko upande wa kaskazini mwa ikweta, upepo wa kusini mashariki unaleta mawingu mazito ya chini, na kuna siku linachwa bila kuonekana hata dakika tano. Usiku Nairobi hushuka hadi nyuzi 11 au 12. Nyandarua, Nyeri na Kiambu ya juu hushuka zaidi ya hapo.

Nyumba nyingi tunazoishi ni za mawe na simiti, madirisha ya kioo kimoja, na mlango una mwanya chini ambao kila mtu ameuzoea. Hazina mfumo wa kupasha joto. Kwa hivyo joto tunalitafuta kwenye maji: maji ya kuoga, ya chai, ya kufua, ya kuosha vyombo asubuhi wakati mfereji unatoa maji kama ya friji.

Wasomaji wetu wa Mombasa, Malindi na Lamu, kwenu ni kinyume. Wakati wa kusi feni inapumzika, na bili hupanda kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi, feni na eya kondishena zikilala zimewaka. Hesabu za hapa chini ni zenu pia, badilisheni miezi tu.

Maji ndiyo yanayokula tokeni

Yuniti moja ya stima ni wati 1,000 zikitumika kwa saa moja. Kwa yuniti moja unaweza kuwasha balbu ya LED ya wati 9 kwa zaidi ya saa 100. Sasa chukua shawa ya stima, ile inayochemsha maji yakipita. Nyingi ni za wati 5,000 au zaidi. Yuniti ile ile moja inaisha kwa dakika 12. Unaona? Unaweza kumfokea mtoto siku nzima kwa kuacha taa ya chooni, na usifikie hata dakika tatu za mtu aliyesimama kwenye shawa akifikiria maisha.

Tena baridi inapiga mara mbili hapo. Maji yenyewe yanatoka kwenye tangi yakiwa baridi zaidi. Ndoo ya lita 20 ukiipasha kutoka nyuzi 22 hadi 40 inahitaji kama yuniti 0.42. Ndoo hiyo hiyo ikianzia nyuzi 17 inahitaji 0.53. Hujaongeza hata tone la maji, lakini umelipa zaidi ya robo juu ya kawaida. Kwenye shawa hali hii inajificha, kwa sababu shawa haiwezi kuvuta nguvu zaidi ya iliyoandikwa. Unachofanya ni kufunga mfereji kidogo ili maji yatoke machache na moto zaidi, kisha unakaa zaidi ndipo umalize kujisuuza. Halafu unakaa tena kwa sababu nje ni baridi na hutaki kutoka. Dakika 4 zinakuwa 8.

Birika la stima lililojaa, la lita 1.7, linakula karibu yuniti 0.17 kila likichemka. Ni kidogo, mpaka uhesabu mara ngapi. Hita ya chumba ya wati 2,000 ikiwaka saa 3 bila kujizima inamaliza yuniti 6, na kuna nyumba ndogo ambazo hazitumii yuniti 6 kwa siku mbili. Pasi pia imo, si kwa kupiga nguo bali kwa kuzikausha: sketi ya shule iliyofuliwa jana na haijakauka, soksi, kola ya shati. Pasi ya wati 1,000 kwa nusu saa kila asubuhi ni yuniti 15 kwa mwezi. Agosti watoto wakifunga shule pasi inapumzika, lakini televisheni na birika zinachukua zamu.

Friji, kwa haki, hutumia kidogo zaidi wakati wa baridi. Lakini haiwezi kufidia shawa.

Hesabu ya nyumba moja

Tuseme ni nyumba ya watu 4 huko Kikuyu. Miezi ya joto wanatumia yuniti 90 kwa mwezi, yaani 3 kwa siku. Kila mtu anaoga dakika 4 kwa shawa ya wati 5,000, jumla dakika 16, sawa na yuniti 1.3. Birika linachemka mara 3.

Juni inaingia. Kila mtu anaoga dakika 8. Hiyo ni yuniti 1.3 za ziada kwa siku, karibu 40 kwa mwezi. Birika linachemka mara 6 badala ya 3, na hizo ni 15 nyingine. Hakuna aliyenunua hita. Hakuna kifaa kipya. Hakuna aliyeiba stima. Lakini wametoka yuniti 90 hadi 145.

Kama mambo yangeishia hapo, ingekuwa tu ni kulipa zaidi kwa kutumia zaidi, na Septemba maisha yarudi kawaida. Hayaishii hapo.

Wastani wa miezi mitatu

Katika mpangilio wa bei ulioidhinishwa na EPRA na kuanza Aprili 2023, wateja wa nyumbani wako katika makundi matatu. Wanaotumia hadi yuniti 30 kwa mwezi, wanaozidi 30 hadi 100, na wanaozidi 100. Wakati mpangilio huo ulipoanza, bei ya msingi ya yuniti moja ilikuwa shilingi 12.22 kwa kundi la kwanza, 16.30 kwa la pili na 20.97 kwa la tatu. Viwango hurekebishwa, kwa hivyo usishikilie senti hizo kama msahafu. Kinachofaa kushikwa ni jinsi makundi yenyewe yanavyofanya kazi.

Unawekwa kwenye kundi kulingana na wastani wa matumizi yako ya miezi mitatu. Kwa mita ya tokeni, matumizi ni yale uliyonunua, maana ndiyo yanayoonekana kwenye mfumo. Na ukishaingia kundi la juu, si zile yuniti zilizozidi 100 tu zinazopanda bei. Zote zinapanda, kuanzia ya kwanza.

Turudi Kikuyu. Aprili yuniti 90, Mei 90, Juni 145. Wastani ni 108. Mwezi mmoja tu wa baridi umewavusha. Julai inaanza na kila yuniti iko kwenye bei ya kundi la tatu. Kwa viwango vile vya 2023 tofauti ni shilingi 4.67 kwa yuniti, na ukiweka ushuru wa VAT wa asilimia 16 pamoja na ile asilimia 5 ya kusambaza umeme mashambani, inakaribia shilingi 5.65.

Julai na Agosti wanatumia 145 kila mwezi. Septemba jua linarudi, kila mtu anaoga upesi, wanarudi kwenye 90. Lakini wastani wa Juni, Julai na Agosti ni 145, kwa hivyo Septemba bado wako juu. Oktoba wastani ni 127, bado. Novemba, wakihesabiwa Agosti, Septemba na Oktoba, ni 108. Bado! Ni Desemba ndipo wanashuka.

Jumlisha yuniti za Julai hadi Novemba: 560. Zizidishe kwa 5.65. Ni zaidi ya shilingi 3,000 ambazo familia hii imelipa, na si kwa sababu ya stima iliyotumia zaidi, hiyo tayari wameilipia kando. Ni kwa sababu ya kuvuka mstari. Elfu tatu ni gesi ya kupikia, au viatu vya shule na chenji. Ndiyo maana mtu ananunua tokeni Oktoba, joto limesharudi, anaona yuniti ni chache na anashangaa.

Sasa angalia upande wa pili. Kama Juni wangefikia 115 badala ya 145, wastani wa Aprili hadi Juni ungekuwa 98. Hawangevuka. Na kama Julai wangejikaza kurudi karibu na 90, wangebaki kundi lao la zamani. Hatusemi muoge maji baridi. Tunasema kwamba kwa nyumba inayotumia kati ya yuniti 80 na 100, dakika mbili tatu za shawa zina thamani kubwa kuliko zinavyoonekana. Aliye kwenye 200 mwaka mzima hana mstari wa kuogopa. Yeye analipa tu anachotumia. Aliye kwenye 25, na wengi wa wanaoishi chumba kimoja wako hapo, ana mstari wake wa 30, na koili ya kuchemsha maji ya ndoo inaweza kumvusha ndani ya mwezi mmoja.

Ile ya kununua mwanzo wa mwezi

Kuna ushauri unazunguka kwenye vikundi vya WhatsApp, ati nunua tokeni nyingi tarehe moja ndipo upate yuniti nyingi. Ulikuwa na ukweli zamani. Kabla ya 2018, yuniti 50 za kwanza za mwezi zilikuwa na bei ya msingi ya shilingi 2.50 tu, na kulikuwa na ada ya shilingi 150 iliyokatwa kila mwezi, tumia usitumie. Siku hizo ulichonunua kwanza na ulichonunua mwisho vilitofautiana sana. Mpangilio huo uliondolewa 2018.

Leo bei ndani ya mwezi mmoja haitegemei kama umenunua za 200 mara tano au za 1,000 mara moja. Kama njia unayolipia inakata ada ya muamala, basi ununuzi mdogo mdogo utakugharimu ada mara nyingi, na hapo kununua pamoja kuna faida. Lakini usiende mbali ukanunua Mei za kukutosha hadi Agosti. Zote zitahesabiwa kuwa matumizi ya Mei, na utakuwa umejivusha mwenyewe hata kabla ya baridi kufika.

Mita moja, wapangaji kumi

Hili lipitiwe, kwa sababu linagusa watu wengi. Kama unaishi kwenye ploti ambayo landilodi ana mita moja kubwa ya Kenya Power na kila mlango una mita ndogo yake, kundi linahesabiwa kwa ile mita kubwa. Wapangaji kumi wakitumia yuniti 25 kila mmoja, mita inaona 250. Kwa hivyo huwezi kupata bei ya kundi la chini hata ukilala na mshumaa. Unachoweza kufanya ni kuuliza, kwa heshima, yuniti moja anakuuzia kwa shilingi ngapi, na kulinganisha na risiti ya tokeni anazonunua yeye. Tofauti kubwa sana ina haki ya kuelezwa.

Kupunguza bila kugandishwa

Anza na shawa, kwa sababu huko ndiko pesa iliko. Jilowesheni, zima, jipake sabuni, washa tena. Inaudhi wiki ya kwanza. Shawa nyingi zina swichi ya viwango viwili au vitatu vya joto, na wengi wameiacha kwenye cha juu tangu fundi alipoifunga. Jaribu cha kati mchana, wakati maji ya tangi hayajapoa sana. Watoto waogeshwe kwa beseni.

Chemsha maji ya vikombe unavyohitaji, si birika zima, na yanayobaki yaingie kwenye thamosi badala ya kuchemshwa upya baada ya saa moja. Kama una gesi, linganisha mwenyewe kwa wiki mbili: wiki moja maji ya chai kwa birika la stima, wiki nyingine kwa gesi, uone kipi kinakuumiza. Mwanya wa mlango zibeni kwa kitambaa kilichokunjwa. Na chupa ya mpira ya maji moto ndani ya blanketi inakupa usingizi mzuri kuliko hita iliyowaka saa tatu, kwa gharama ya birika moja.

Koili ya ndoo tuna wasiwasi nayo. Kama ni lazima, iingie majini kwanza ndipo uwashe, uzime na kuchomoa kabla ya kugusa maji, na isiachwe na mtoto chumbani.

Na kuna njia moja ya kuokoa tokeni ambayo tunakuomba usiijaribu kamwe: kuingiza jiko la makaa kwenye nyumba iliyofungwa ili kuota moto. Makaa yanatoa gesi ya monoksidi ya kaboni. Haina harufu wala rangi. Huanza na kuumwa na kichwa na usingizi mzito, na usingizi ndio mtego, maana mtu anadhani amechoka tu. Karibu kila msimu wa baridi hapa Kenya kuna familia zinazokutwa zimekufa asubuhi, jiko likiwa katikati ya chumba. Hata makaa yaliyobaki mekundu bila moshi yanaua. Jiko lipikie nje au mlango na dirisha vikiwa wazi, na litoke nje kabla ya watu kulala. Mtu akilalamika kichwa na jiko limo ndani, mtoeni nje kwenye hewa kwanza, maswali baadaye, kisha mpelekeni hospitali.

Soma ujumbe wa tokeni

Ukilipa, ujumbe unaoletwa una zaidi ya zile tarakimu 20 za kuingiza kwenye mita. Kuna idadi ya yuniti, kuna kiasi ulicholipa, halafu kiasi hicho kimegawanywa: pesa iliyonunua stima yenyewe, na makato mengine. Kwenye makato ndiko iliko VAT, ile asilimia 5 ya umeme wa mashambani, gharama ya mafuta ya kuzalisha umeme na marekebisho ya thamani ya shilingi. Hizi mbili za mwisho hutangazwa na EPRA kila mwezi, ndiyo maana hata mtu ambaye hajabadilisha kundi anaweza kupata yuniti tofauti kidogo mwezi huu na uliopita.

Gawanya kiasi ulicholipa kwa yuniti ulizopata. Ukilipa 1,000 ukapata yuniti 36, yuniti moja imekugharimu shilingi 27.80. Andika hapo kwenye kalenda ya jikoni. Ikiruka kwa shilingi moja, huenda ni mafuta au shilingi. Ikiruka kwa tano kwa mpigo, umevuka kundi. Na kama yuniti zimepungua kwa kiasi kisichoelezeka kabisa, uliza kama kuna deni kwenye mita, hasa ukiwa umehamia nyumba karibuni. Deni hukatwa kidogo kidogo kila unaponunua. Kenya Power wana *977# kwa kuuliza mambo ya mita na tokeni, na simu yao ni 97771.

Kwenye programu yetu na kwenye menyu ya simu, historia ya malipo yako ipo. Tafuta namba ya mita, jumlisha ulichonunua Aprili, Mei na Juni, ugawe kwa tatu. Hapo utajua uko umbali gani na mstari kabla mwezi mwingine haujaanza. Ukichelewa kupata tokeni, na jioni za baridi kila mtu akinunua saa moja hili hutokea, usilipe mara ya pili papo hapo. Angalia kwanza kama malipo ya kwanza yamepita. Mara nyingi tokeni iko njiani, na ukilipa mara mbili utaletewa zote mbili, na zote mbili zitaingia kwenye hesabu ya mwezi huo.

Msimu huu pia hujaa watu wanaopiga simu wakijidai wanaweza kushusha bei ya yuniti zako au kukuuzia tokeni za nusu bei, ukiwatumia pesa kwa namba ya kibinafsi. Hakuna mtu wa kukushushia kundi kwa simu. Kata simu, usitoe namba yako ya siri, na uturipotie namba iliyopiga.